Mnyauko wa migomba: nikate ule mgonjwa tu au ning'oe shina zima? Mabwana shamba wawili wametuchanganya

MwanaBombo

Wakubwa habari za mvua. Mi niko Malaba kwenye mizigo, wiki tatu huku wiki moja nyumbani, kwa hiyo shamba nalolisema hapa ni la mama yangu, liko Luweero, Uganda, si mbali na Bombo, ekari moja na nusu hivi. Nusu ni matoke, Nakitembe, Kibuzi na Mpologoma kidogo, nusu ile ya chini ni Kayinja, ndizi ya kukamulia mubisi, ile juisi ya kutengenezea pombe, aliyoipanda marehemu baba na ndiyo iliyonilipia shule, acha watu waseme ni ndizi ya walevi.

Sasa mwezi uliopita mama kanipigia simu anasema Kayinja zinaiva kabla hazijajaa. Mi nikacheka, nikamwambia mama si ni baraka hiyo, akanijibu baraka gani, njoo uone. Nimefika, majani yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto, mpumumpu, lile ua linaloning'inia mwisho wa mkungu, imesinyaa imekuwa nyeusi, nikakata kidole kimoja ndani kuna rangi ya kutu. Nikakata shina la mmoja nikasimama pale na simu nimulike vizuri, haijapita hata dakika kumi yakaanza kutoka matone ya manjano, mazito, kama usaha wa jipu. Ni kiwotoka, ndivyo tunavyouita huu mnyauko wa bakteria, hapo sina haja ya maabara.

Nimehesabu Kayinja 11 na Kibuzi 2. Nakitembe hata moja, sijui ni bahati.

Shida yangu ni hii. Kiwotoka ilivyokuja mara ya kwanza, mi nikiwa primary, bwana shamba wa wakati ule alimwambia baba ang'oe shina zima, mama na watoto wake wote, chimba mpaka tunguu, ule mzizi mnene wa chini, litoke, katakata, acha shimo bila mgomba miezi sita. Baba na kaka zangu walichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Juzi amekuja bwana shamba kijana, anatumia pikipiki, kaangalia, akasema mama usichimbe kitu, kata ule unaoumwa tu, usawa wa udongo, wenzake waache. Mama kamtazama hivi kisha kamuuliza, kwani ugonjwa siku hizi umekuwa mpole?

Kijana hakujibu vizuri, alikuwa na haraka. Mama sasa hamwamini na kuchimba hawezi, ana miaka 67 na goti linamsumbua. Nani mkweli hapa kati ya hao wawili? Na kama utafiti umebadilika, umebadilika kwa sababu gani?

Panga_Moto

Ng'oa yote panda kahawa. Kayinja ni ndizi gani ya kufia.

MwanaBombo

@Panga_Moto mzee kahawa itazaa baada ya miaka mitatu, mama atakula nini hapo katikati, majani?

KijitiChaPanda

Mwana wa Bombo, pole wewe na mpe mama pole. Mi nimefanya kazi ya kibarua kwenye majaribio ya migomba miaka mingi, sio mwanasayansi, ni yule mtu anayeshika daftari na kuhesabu migomba mgonjwa kwenye jua, wanasayansi wanakuja na gari mara moja kwa mwezi. Lakini ukihesabu migomba miaka kumi kuna vitu unavielewa hata kama hukusoma.

Jibu fupi: wote wawili wakweli. Yule wa baba yako alisema kile kilichojulikana wakati ule. Huu ugonjwa uliandikwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye ule mmea wao wanaouita ensete unaofanana na mgomba, huku kwetu ukaonekana 2001 pale Mukono, na watu waliogopa sana, nakumbuka. Kitu kipya, hakuna dawa ya kupuliza, hakuna aina ya ndizi tunayolima inayoustahimili kabisa, na unakula shamba zima msimu mmoja. Kwa hiyo walifanya kama daktari anayekata mguu. Walidhani bakteria akiingia mgomba mmoja basi anashuka kwenye tunguu anapanda kwa ndugu zake wote, shina zima limekufa tayari hata kama bado kijani, ndio maana ng'oa yote.

Sasa hapo ndipo utafiti ulipokuja kugeuka. Watu walianza kufuatilia yale machipukizi yaliyoachwa kwenye shina lenye mgonjwa, kuyachukua vipande, kuyapima, kuyasubiri, wakakuta mengi hayaumwi. Bakteria anatembea ndani ya mgomba lakini sio kila mahali na sio kwa mbio tuliyodhani. Hasa akiingia kwa juu, kupitia ua, ana safari ndefu ya kushuka mpaka chini, ukimkata njiani kabla hajafika kwenye tunguu ndugu zake wanapona. Na hata akifika, wapo wanaobaki wazima wakazaa mkungu mzuri tu. Wakaenda kujaribu kwenye mashamba ya watu, zaidi Kivu kule Congo, kata mgonjwa tu, rudi, kata mgonjwa tu, rudi, mashamba yaliyokuwa na ugonjwa mwingi yakashuka chini ya asilimia 2 ndani ya miezi michache. Na wenye shamba walikuwa bado wanakula ndizi muda huo wote, hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Kwa hiyo mwambie mama ugonjwa haujawa mpole, ni sisi tuliokuwa hatumjui adui.

Lakini sasa sikiliza, maana hapa ndipo vijana wa pikipiki wanapokosea, wanasema kata mmoja kisha wanaondoka. Kukata mmoja sio kazi ya siku moja. Mama apite shamba zima kila wiki, mwanzoni hata mara mbili, achague siku, sijui Jumamosi, asiruke. Ugonjwa unaweza kukaa ndani ya mgomba wiki kadhaa au hata miezi bila kuonekana, kwa hiyo wiki ijayo ataona wapya na atasema mnaona, nilisema, na hapo ndipo wengi wanaacha. Wale wapya walishaumwa kabla hajaanza. Avumilie.

Panga. Hii ndiyo roho ya kazi. Ukikata mgonjwa ukaenda na panga hilo hilo kwa mzima umempiga sindano ya ugonjwa wewe mwenyewe. Achome kwenye moto kila baada ya mgomba mmoja, mpaka bati la panga huwezi kulishika, au atumie Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, kikombe kimoja kwa vitano vya maji, kwenye ndoo. Utomvu ukizidi ndani ya ndoo abadilishe maji. Mi napenda moto, Jik inakula panga na inaisha dukani siku unayoihitaji. Na kwa muda wote huu asikate majani wala asiondoe machipukizi kwa panga kwa wazima, aache shamba liwe chafu kidogo, majirani watacheka, wacheke.

Mpumumpu. Wadudu, nyuki na vile vinzi vidogo, wanatoka kwenye ua bovu wanakwenda kwenye ua zima, na bakteria anaingia pale penye kovu bichi linapodondoka jani la ua. Kayinja ndiyo inapendwa sana nao, ndio maana 11. Chane ya mwisho ikishatoka tu, siku hiyo hiyo, mpumumpu ivunjwe kwa kijiti chenye panda, unaingiza unasokota inakatika. Kijiti, sio kisu! Na Nakitembe yako sio bahati, ile ndizi majani yake ya ua na vile viua havidondoki, vinabaki vimeshikilia, mdudu hana kovu la kupitia. Ila panga linaiua kama nyingine yoyote, asije akajiamini.

Nimeandika refu, samahani, nimekaa kwenye foleni ya garage.

DerevaWaMatoke

Mi nataka kukiri kitu hapa maana @KijitiChaPanda amenigusa. Nimebeba matoke kutoka Isingiro na Mbarara kuleta Kampala karibu miaka minane. Zamani tulikuwa tunaingia shamba la mtu na mapanga yetu, vijana watatu wanne, tunakata mikungu kwa huyu, tunaruka ukingo, tunakata kwa yule, kijiji kizima siku moja, panga halijaoshwa hata kwa maji. Tukimaliza tunakata majani hapo hapo tunafunikia mzigo usichubuke, yanafika Kalerwe yanatupwa, au tunayashusha njiani tukipakia kwingine. Mwaka mmoja tukarudi kijiji kimoja tukakuta shamba la yule bibi aliyekuwa anatupikia posho limekauka lote, na yeye ametusimamia mlangoni anatuuliza habari za safari. Sikuwa najua ni sisi. Nilijua baadaye sana kwenye mkutano wa LC, baraza la kijiji.

Kwa hiyo mwambie mama hivi, mnunuzi asiingie na panga lake. Wewe kata mwenyewe kwa panga la nyumbani, mletee mkungu barabarani. Akikataa aende, atarudi, matoke yana wanunuzi siku zote. Na wale wa mubisi ni wabaya zaidi kwa sababu wanazunguka kwenye Kayinja tu siku nzima.

Nalongo_W

@DerevaWaMatoke banange. Umenikumbusha wale waliokuja kwetu.

Hoho_Team

Nyote mnazunguka. Huyu mama ana miaka 67 na goti, mnampa kazi ya kila Jumamosi mpaka afe. Dawa ya kweli ipo tangu zamani, pale Kawanda kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, hata wewe MwanaBombo unapita mbele yake kila ukienda Kampala, iko hapo hapo barabara ya Bombo. Walichukua jeni kutoka pilipili hoho wakaiweka kwenye mgomba, wakaupanda uwanjani, wakauchoma sindano ya bakteria kusudi, na ipo migomba iliyokataa kabisa kuumwa, imetoka kwenye jarida la kisayansi 2014. Sasa iko wapi? Sheria ya kuruhusu mazao ya jeni. Bunge likapitisha 2017 Rais akairudisha, likapitisha tena 2018 akairudisha tena. Hapo ndipo tulipokwama, sio kwenye mapanga na vijiti. Mnawafundisha watu vijiti karne hii.

KijitiChaPanda

@Hoho_Team kijana wangu mi sina ugomvi na hoho, ile migomba nimeiona kwa macho yangu ikiwa nyuma ya ua wa waya, imesimama kijani na jirani zake wameanguka, nilitamani kuiba mche mmoja, sikuiba. Lakini mama wa huyu anaumwa migomba leo. Mkungu uliofungiwa ndani ya uzio haujazi sufuria. Siku sheria ikipita na miche ikitoka nitakuwa wa kwanza kwenye mstari, na hata siku hiyo watu watauliza mbegu inauzwa na nani na nikitaka kumpa shemeji machipukizi naruhusiwa au la, maswali ya haki kabisa. Na ladha! Mnasahau watu waliletewa ile M9, Kiwangaazi, ndizi nzuri inavumilia madoa meusi ya majani, mkungu mkubwa, na bado ukienda sokoni mama wa watu ananusa anasema hii sio matoke yenyewe.

Na jambo jingine, ukiniuliza mimi, kile kijiti ni utafiti pia. Kuna mtu alikaa akahesabu wadudu kwenye maua akajua wanaingilia wapi. Usikidharau kwa sababu hakina umeme.

Hoho_Team

Sikidharau mzee. Nasema tu, nani kawachagulia watu kusubiri?

Mzaliwa_wa_Kivu

Salamu kwenu wote. Mimi ni wa Kivu ya Kusini, sasa naishi Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Nimesoma mzee hapo juu anataja Kivu nikasema wacha na mimi niseme maana tulikuwa sisi hao wenye mashamba.

Kwetu ugonjwa ulikuja ukamaliza vilima. Wakubwa walisema mung'oe yote. Nani atang'oa? Wanaume wengine wako mgodini, wengine wamekimbia, mama mmoja na watoto wadogo, anachimba tunguu moja nusu siku, siku tatu zinaisha hajamaliza hata mstari. Njo maana watu wengi hawakung'oa kitu, waliacha tu shamba life. Ile njia haikuwa mbaya kwenye karatasi, ilikuwa mbaya kwenye mgongo wa mtu. Hii ya kukata moja ilipofika mama yangu mkubwa aliifanya peke yake, asubuhi kabla ya jua, panga moja na jiko la makaa analibeba shambani kama anakwenda kuchoma mahindi. Watoto walikuwa wanamcheka.

Kwetu ni juu sana, baridi, wadudu wa maua ni wachache, ugonjwa ulitembea zaidi kwa kisu na kwa mbegu, mtu anaomba machipukizi kwa jirani anabeba na ugonjwa. Luweero ni chini, wadudu wengi, kwa hiyo ndugu yangu mpumumpu kwako ni kazi kubwa kuliko ilivyokuwa kwetu. Usichukue mbegu popote kwa sasa, na usimpe mtu.

Na mbuzi mfunge. Anatafuna jani la mgonjwa anakwenda kutafuna la mzima.

MwanaBombo

Wallahi sikutarajia majibu haya, nimemsomea mama kwenye simu yote, ile ya dereva alinyamaza muda mrefu nikadhani network imekatika. Kisha akasema kuna mzee wa mubisi anakuja kila mwezi wa pili na panga lake la mkono mweupe, amekuwa akija tangu baba yuko hai. Hatujui, lakini.

Swali moja @KijitiChaPanda, yale mashina aliyoyakata ayafanye nini, ayachome? Yana maji hayashiki moto.

KijitiChaPanda

Asihangaike kuyachoma. Ayakatekate ayarundike pembeni, mbali na wazima, mbuzi wasifike, yaoze yenyewe. Yakishaoza bakteria anakufa nayo, kwenye udongo mtupu hana maisha marefu. Tunguu lililobaki likitoa chipukizi lililonyauka alikate tena hivyo hivyo. Lakini kama kuna sehemu karibu yote imeshaumwa, mashina yamegusana, hapo usidanganyane na kukata mmoja mmoja, hapo rudi kwa bwana shamba wa baba yako, ng'oa ile sehemu, panda maharage na mahindi miezi sita, lipa vijana wa boda wachimbe.

Panga_Moto

Au kahawa.

MwanaBombo

Narudi na taarifa, zimepita wiki tisa, nilikuwa nyumbani Idd.

Wiki ya kwanza mama alikata wale 13. Wiki ya pili kaona wapya 6, akanipigia kwa hasira kama vile mzee alivyosema, nikamsomea tena ile sehemu ya avumilie. Ya tatu 5. Ya nne 7, hapo alitaka kuacha na mimi pia moyo ulianguka. Kumbe kuna mtoto wa dada alikuwa anakata majani ya mgomba ya kufungia luwombo, mchuzi unaopikwa ndani ya jani, ya mgeni kwa kisu cha jikoni, hakumwambia mtu. Sasa kisu cha jikoni kinalala chumbani kwa mama. Ya tano 3, ya sita 2, ya saba hakuna, ya nane 1, juzi hakuna. Anaandika kwa mkaa ukutani nyuma ya jiko, vistari, wajukuu wameambiwa anayefuta atachapwa.

Kijiti chake ni cha mvule, kirefu kunizidi, amekizungushia kitambaa pale anaposhika. Anasema goti halimuumi akitembea polepole, linamuuma akikaa.

Yule mzee wa mubisi alikuja. Mama kamkaribisha, kampa chai, kamwambia panga lako liache hapo mlangoni pamoja na viatu. Mzee kakasirika kidogo, akasema mwaka wa ishirini naingia hapa. Mama kachukua lile panga mwenyewe kaliweka kwenye makaa mbele yake, likakaa mpaka ule mkono mweupe wa plastiki ukaanza kuyeyuka pembeni. Sasa mzee anadai panga jipya na mimi ndiye ninayeambiwa nilinunue, kwa hiyo mwenye kujua bei ya panga zuri Malaba au Busia anipe, lenye mkono wa mbao tafadhali.